Soma Ncha ya Mshipi Kwanza

 Niliahidi kwamba leo tungezungumza habari za mawifi wanaohamia bila kubisha hodi. Mtanisamehe, mawifi wasubiri kidogo. Kuna barua imenikalisha chini.

Imetoka hapa hapa Kolwezi, upande wa Manika, kwa mdogo wangu anayeuza maandazi siku sita. Siku ya saba, akitoka misa, anamfuata kaka yake Ziwa Nzilo kuvua. Alipopokea zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, alinunua kane yake ya kwanza, yaani fimbo ya kuvulia, pamoja na mulinee ya kukunjia mshipi, vitu vilivyopita mpakani Kasumbalesa vikafika soko letu ndani ya plastiki moja, mshipi ukiwa umeshakunjwa juu. Jumapili ya kwanza samaki mkubwa akashika. Fimbo ikapinda, watu wakapiga kelele, halafu ghafla fimbo ikanyooka. Samaki kaondoka na ndoano. Kaka akacheka: "Huku si kwenye maandazi." Sasa ananiuliza: Yaya, nimrudishie mwuzaji fimbo yake mbovu? Au nisubiri zamu nyingine ya likelemba ninunue ile kubwa, ya bei?

Na mwisho kabisa wa barua, kama mtu anayekumbuka jambo lisilo na maana, ameandika kwamba mshipi ulipotoka majini ncha yake ilikuwa imejikunjakunja kama mkia wa nguruwe.

Mdogo wangu, ungeanza barua na hilo.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mitambo, na Jumapili zake zote alizimaliza Nzilo, enzi zile wazee bado wanaliita ziwa lile kwa jina la Kibelgiji, Delcommune. Mshipi ukikatika hakulaani wala hakumtazama mtu. Alivaa miwani, akaushika ule mwisho kati ya vidole viwili, akausoma. Mshipi uliokatika unasema umeuawa na nani. Ncha ikiwa safi kama imepitishwa wembe, basi ni meno ya samaki, au jiwe kali, au pete ya fimbo yenye ufa. Ikiwa imechubuka, ina nyuzinyuzi na weupe, mshipi ulisuguliwa au umezeeka kwa jua. Ikijikunja kama mkia wa nguruwe, mshipi haukukatika hata kidogo. Fundo liliteleza. Nailoni inapochomoka kwa nguvu kutoka ndani ya fundo lake lenyewe hujiviringa hivyo.

Kwa hiyo mwuzaji hana kesi hapa, na fimbo haina kosa. Fundo ulilifunga wewe. Usinune, hata mimi nimewapoteza wengi hivyo hivyo, na mmoja wao mbele ya mama mkwe.

Chukua mshipi tufunge pamoja. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, iache na urefu wa kiganja. Izungushe juu ya mshipi mkuu mara tano, tatu hazitoshi. Irudishe ipite katika kile kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu. Sasa simama, na hapa ndipo watu wanapokosea: weka fundo mdomoni, ulilowanishe kwa mate. Nailoni ikivutwa kavu hujisugua, inapata joto na kulegea pale pale ambapo mzigo wote utakaa. Ikishalowa vuta polepole, mpaka mizunguko ijipange safu kama shanga. Kata mkia lakini bakiza milimita tatu. Kisha ning'iniza kwenye ndoano chupa ya maji ya lita mbili, ambayo ni kilo mbili kamili, uitikisetikise. Ikidondokea sakafuni jikoni, shukuru Mungu kwamba haikuwa samaki. Na ukija kutumia ule mshipi wa kusukwa, mwembamba kama uzi wa kushonea, fundo hili halitashika, maana uzi wake unateleza kama bamia. Huo unaukunja mara mbili kwanza, unaupitisha kwenye tundu ukiwa umekunjwa, unafunga fundo la kawaida, halafu ndoano nzima inapita ndani ya kitanzi kabla ya kukaza.

Hata hivyo ule mshipi uliokuja na fimbo ung'oe. Hakuna ajuaye umekaa miezi mingapi kwenye jua la soko, na jua ndilo muuaji mkubwa wa nailoni. Nunua mpya wa milimita 0.28 hivi. Kwa tilapia na kambale wa ukubwa wa kuingia sufuriani unatosha, na ukizidi hapo unatupa karibu. Wakati wa kuukunja mtu aushike kwa kitambaa kilicholowa ili uingie umekazwa, ujaze bobini mpaka ibaki milimita mbili hivi kabla ya ukingo. Ukiujaza kupita hapo unatoka kwa mafungu kama nywele zisizochanwa. Ukiuweka kidogo, chambo hakifiki mbali, na wewe utalaumu mkono. Kila unaporudi nyumbani, pitisha mita mbili za mwisho kati ya kucha. Ukihisi mkwaruzo, kata utupe. Utupe kwenye taka, si ufukoni, maana ndege hawajui kufungua mafundo.

Mwenzake mshipi ni breki ya mulinee. Dada wengi wanaikaza mwisho, wakidhani nguvu ndiyo itakayomleta samaki. Ifunge ili ianze kutoa mshipi kabla nguvu haijafika theluthi ya uwezo wa mshipi: kama ni wa kilo sita, breki iachie kwenye kilo mbili. Ile chupa ya jikoni inarudi kazini. Ukifika nyumbani ilegeze kabisa, kwa sababu visahani vilivyo ndani vikilala vimebanwa vinajibana moja kwa moja, na siku ya pili breki inaachia kwa mishtuko.

Fimbo yenyewe nitaipita haraka. Karibu na mshikio imeandikwa gramu. Ikisema 10 hadi 30, chambo chako kikae humo. Kwa mtu anayesimama ukingoni, mita 2.10 au 2.40 inafaa, ndani ya mtumbwi, fupi zaidi. Ile ya nyuzi za kioo ni nzito kidogo lakini inavumilia teksi-moto, watoto na mlango wa gari. Ya kaboni ni nyepesi na tamu mkononi, ila ikigongwa inaficha ufa wake mpaka siku ya samaki mkubwa. Dukani nenda na pamba. Ipitishe ndani ya kila pete, na ikiacha nyuzi mahali, pete hiyo ina ufa na itakukatia mshipi kama wembe. Kwenye mulinee zungusha mpini na usikilize, tingisha uone kama unacheza, halafu gusa kile kigurudumu kidogo mshipi unapopita: kisipozunguka, rudisha. Mwuzaji akianza kukuhesabia idadi ya beringi, mwache ahesabu. Beringi tatu nzuri zinashinda kumi za kubandika karatasi.

Haya, sasa sehemu ninayoipenda mwenyewe: chambo cha uongo.

Tilapia wa kawaida usimsumbue nacho. Huyo anakula majani na vijidudu. Mpe mnyoo, au kidonge cha bukari, yaani ugali, kilichokandwa vizuri. Kambale anafuata harufu, maini ya kuku yanamtosha. Chambo cha uongo ni cha wawindaji: wale ndugu za tilapia wenye mdomo mpana, ambao Wazambia wanawaita nembwe, na manda, yule mwenye meno ya msumeno ambaye watu wa Tanganyika wanamwita kibebe. Kwa manda lazima kipande cha waya cha sentimita 20 au 30 kati ya mshipi na chambo, la sivyo utakuwa unamlisha chuma. Mdomo wake ni mfupa mtupu, kwa hiyo ndoano iwe kali kweli. Iburute juu ya ukucha wa dole gumba: ikiteleza, inoe, ikikwama, twende.

Na kijiko usikinunue. Kijiko ndicho chambo rahisi kuliko vyote, na jina lake si mzaha. Kule Marekani Julio Buel alipata hataza yake mwaka 1852, na hadithi inasema alianza baada ya kijiko cha chakula kumponyoka ziwani na samaki kukirukia. Sisi tuna nini? Sisi tunakaa juu ya shaba! Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, chini zaidi kwenye mkondo wa mto wetu huu huu wa Lualaba, waliochimba kuanzia 1957 wamekuta misalaba ya shaba, ile iliyokuja kuwa fedha ya wazee wetu. Basi nenda kwa fundi mabati, umwombe kipande cha bati la shaba la milimita moja na nusu. Kiwe kipande cha halali, si waya wa umeme uliokatwa usiku, tafadhali. Tukikaa gizani sitawaandikia. Chora umbo la jani, sentimita 6 kwa 2. Kata, lainisha kingo kwa tupa. Tafuta gogo lenye bonde, weka jani juu yake, ligonge taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka libonyee kama kiganja kinachopokea chumvi. Toboa tundu kila mwisho, tia pete ya chuma, na ndoano upande mpana. Utapata gramu 12 hivi, sawasawa na fimbo yako. Majini kitayumba kama samaki mgonjwa, na mwanga wake mwekundu unaonekana hata maji yakiwa ya chai wakati wa mvua. Kikipoteza rangi, kisugue kwa limau na chumvi. Changu kimoja kina miaka tisa, nimebadilisha ndoano tu.

Risasi ya kuzamishia usiibane kwa meno, hata kama kaka yako anafanya hivyo. Ni sumu, na Waingereza walizipiga marufuku zile ndogo mwaka 1987 kwa sababu zilikuwa zinaua ndege wa majini. Katika mji wa migodi nati kuukuu hazikosekani, funga nati.

Utunzaji. Adui wetu Kolwezi ni vumbi. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa lile jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi, sembuse kwenye mulinee. Usiilaze chini kamwe. Egemeza fimbo kwenye mti au mfuko. Jioni ifute kwa kitambaa kibichi, isuuze kwa maji matulivu ya kisima, si kwa bomba la kuoshea magari, kwa sababu maji ya nguvu yanasukuma mchanga ndani. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mpini na kwenye kile kigurudumu, basi. Mtu mmoja aliniandikia kwamba anatumia mawese. Mulinee yake sasa inanata kama gundi, na panya wanaipenda. Ndoano zilizolowa zianike kabla ya kufunga kisanduku, maana moja yenye kutu inaambukiza zote. Vile vyambo laini vya mpira vipe mfuko wao. Vikilala juu ya vile vya plastiki ngumu vinaviyeyusha.

Sasa nitakaza sauti kidogo. Chagua maji kabla ya kuchagua fimbo. Mito ya Musonoi na Luilu imepokea maji ya viwanda vya shaba na kobalti kwa miaka mingi. Usivue huko ukapeleka mezani kwa watoto. Mwaka 2016 watafiti walichapisha vipimo vya samaki wa Ziwa Tshangalele, upande wa Likasi, wakaonyesha metali za migodini zimo ndani ya samaki, na kupika hakuziondoi. Februari 2025, kwa jirani zetu Zambia, bwawa la taka za mgodi karibu na Chambishi lilibomoka, tindikali ikafika mto Kafue, samaki wakaelea. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla au samaki wanahema juu, kunja mshipi uondoke. Nailoni nayo haipatani na tindikali, lakini hapo mshipi ndio wasiwasi mdogo.

Na ngurumo ya kwanza ikisikika, laza fimbo chini, hapo tu vumbi lisubiri. Kaboni inapitisha umeme. Usiirushe wala usiibebe wima chini ya nyaya kubwa, na Kolwezi tunazo: laini ya umeme ya kutoka bwawa la Inga inaishia kwetu baada ya kilomita 1,700, na bwawa la Nzilo lenyewe lina zake.

Kuhusu kaka yako sina mengi. Jumapili ijayo mwombe akuonyeshe fundo lake, ulitundikie chupa ya lita mbili mbele ya watu.

Fimbo usiirudishe, ni nzima. Hela ya likelemba ijayo nunulia unga. Bobini moja ya mshipi mpya inatosha.