Mtaalamu sebuleni, mama jikoni

Nchini Marekani, huduma ya mapema kwa watoto wanaochelewa kukua ilipata sheria yake mwaka 1986. Inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi anapotimiza miaka 3, na inataka ahudumiwe, kadiri inavyowezekana, pale anapoishi na kucheza kila siku. Mzazi akiridhia, tathmini na kikao cha kupanga huduma za familia hufanyika ndani ya siku 45 tangu rufaa ipokewe. Katika jimbo la Illinois, mmoja wa wanaoingia nyumbani kwa watoto hao ni mtaalamu wa tiba ya ukuaji. Mwenzake wa usemi hushughulikia lugha, wa viungo hushughulikia misuli. Yeye hutazama ukuaji wote kwa pamoja: mchezo, fikra, kuelewana na watu, kujilisha.

Barua ya safari hii imetoka huko, kwa Mtanzania anayehudumia familia za wakimbizi kutoka Kongo. Kuna nyumba moja inayomkera. Kila akifika na begi lake la vifaa vya kuchezea, mama humkaribisha vizuri, humkabidhi mtoto wa miezi 20 ambaye hajaanza kusema, kisha huingia jikoni hadi saa iishe. Anauliza kama aandike kwenye ripoti kwamba mzazi hatoi ushirikiano.

Hakuna haja ya kuandika hivyo. Mama aliyezoea zahanati na shule anajua kuwa mwenye ujuzi huachiwa nafasi afanye kazi yake. Kubaki pale akimkodolea macho mgeni kungeonekana kumkagua. Huko kuondoka kwake ni adabu, na ripoti ya namna hiyo ingemtia doa kwa jambo ambalo huenda hakuna aliyemweleza.

Tatizo kubwa liko kwenye begi. Mtoto anayekaa macho saa 12 kwa siku ana saa 84 za kujifunza kwa wiki. Mtaalamu anayekuja mara moja ana saa 1 kati ya hizo, na akiondoka, vifaa vyake vinaondoka naye. Ndiyo maana wengi katika fani hii sasa huacha begi kwenye gari na kutumia kilichomo nyumbani, huku wakimwelekeza mzazi badala ya kumfanyia kazi mtoto. Inamwia vigumu mtu aliyesomea kucheza na watoto, maana humbidi akae mikono mitupu amtazame mwingine akicheza.

Kwa kuwa mama yuko jikoni, kikao kihamie jikoni. Mtoto akae sakafuni na sufuria ndogo na kijiko wakati mboga ya sombe ikichemka. Akinyoosha mkono kutaka kijiko, mama asimpe papo hapo. Akishike usawa wa macho ya mtoto, aseme «kijiko», kisha anyamaze kidogo. Kimya hicho ndicho kigumu, kwa sababu mama yeyote mwenye haraka hujaza pengo yeye mwenyewe. Mtoto akitazama, akinyoosha kidole au akitoa sauti yoyote, apewe mara moja. Kazi ya mtaalamu hapo ni kumwonyesha mama kile mtoto alichofanya, maana ishara ndogo kama hizo hupita bila kuonekana, na kumuuliza ni wapi pengine jambo hilo linaweza kufanyika: kuoga, kuvaa viatu, kugawa chakula.

Haya yote huongelewa kwa Kiswahili, na mwandishi wa barua ana bahati hiyo. Wenzake wengi hupitia kwa mkalimani. Hata hivyo Kiswahili cha Kongo kina njia zake, kwa hiyo jina la kitu analofundishwa mtoto liwe lile linalotumika katika nyumba ile.

Ikiwa mama atasema amechoka kwa sababu anafanya kazi usiku, muda wa ziara ubadilishwe, au baba na bibi wahusishwe. Mpango wa huduma za familia hupitiwa kila miezi 6, na mzazi anaweza kuomba upitiwe kabla ya hapo. Kwa mtoto huyu imebaki miezi 16 afikishe miaka 3. Iwapo atahitaji kuendelea na huduma za shule, kikao cha kupanga uhamisho huo kinapaswa kufanyika angalau siku 90 kabla hajatimiza miaka 3, kwa ridhaa ya familia, na mama awe ameambiwa mapema kitakachozungumzwa.