Mama wa Taifa

Inge Meysel alizaliwa Ujerumani, karibu na Berlin, mwaka 1910. Baba yake alikuwa Myahudi. Mwaka 1930 alianza kuigiza jukwaani. Lakini mwaka 1933 Hitler alishika utawala, naye akakatazwa kuigiza kwa ajili ya nasaba ya baba yake. Akangoja miaka 12. Vita vilipokwisha mwaka 1945 akarudi jukwaani mjini Hamburg, kisha akaingia katika sinema na televisheni. Watu walimpenda hata wakamwita “Mama wa Taifa”. Mwaka 1981 serikali ilitaka kumpa nishani. Akaikataa, kwani kuishi kwa adili, alisema, si jambo la kupewa nishani. Alifariki mwaka 2004.

Maswali: Kwa nini Inge alikatazwa kuigiza? Kwa nini aliikataa nishani?