Pishi Moja kwa Mtu Mmoja

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 16:16–26, 1 Wafalme 17:10–16, 1 Wafalme 19:4–8, Isaya 55:2.

Fungu la kukariri: 1 Wafalme 19:7.

Katika kata ya Soweto, Manispaa ya Moshi, wako washiriki wanaoishi peke yao katika chumba cha kupanga: mwanafunzi, fundi anayeanza maisha, mjane ambaye watoto wake wamehamia Dar es Salaam. Jioni wengi wao hula andazi na chai, au chipsi za kibandani. Si kwamba hawajui kupika. Mama aliyepika mtori wa watu wanane kwa miaka mingi hahitaji kufundishwa kushika mwiko. Ukimwuliza kwa nini jiko halijawashwa, hujibu, “Nimpikie nani?”

Soma Kutoka 16:16–18. Bwana aliagiza mana ikusanywe kwa kipimo gani?

Kipimo kilikuwa pishi moja kwa kila kichwa. Familia ya watu kumi ilikuwa na pishi kumi. Kama palikuwa na hema la mjane asiye na mtoto, naye alikuwa na pishi yake kamili, wala hakuambiwa angoje masalio ya jirani. Mungu aliyewahesabu maelfu jangwani alihesabu pia tumbo moja.

Sasa soma 1 Wafalme 19:4–8. Eliya yuko peke yake chini ya mti, amechoka, anaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumhoji wala kumkemea. Alimgusa akamwambia ale, na chakula kilikuwa tayari: mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa kula tena. Swali la Mungu, kwamba anafanya nini pale, lilikuja baadaye, huko Horebu. Mtu mpweke anayeacha kupika mara nyingi yuko karibu na mti huo kuliko anavyodhani.

Lakini fedha ni chache. Je, mfuko mdogo unaweza kumlisha vizuri mtu mmoja? Unaweza, ila ushauri wa kawaida wa “nunua jumla” unahitaji kupimwa. Anayeishi peke yake akibeba ndoo ya nyanya kutoka soko la Mbuyuni kwa sababu ni rahisi, nusu itaozea ndani. Waliolaza mana hadi asubuhi waliikuta ina mabuu (Kutoka 16:20). Kwa upande mwingine, anayenunua unga na mafuta ya kupimiwa dukani kwa Mangi kila jioni hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye uwezo, na hilo ni tatizo la maskini siku zote. Njia ya katikati ni hii: vitu vikavu, kama maharage, choroko na mahindi, vinunuliwe vingi, mboga na matunda vinunuliwe kidogo kidogo, fungu moja la mchicha au mnafu, chane moja ya ndizi badala ya mkungu. Debe la mahindi likimzidi mmoja, watatu wanaweza kuchanga na kugawana.

Mahindi hayo yasagwe dona. Sembe huondolewa pumba na kiini, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini, mafuta mazuri na nyuzinyuzi. Kwa kuwa dona ina mafuta, haikai muda mrefu kama sembe, hivyo anayekula peke yake asage kilo chache kwa wakati. Kabla ya kusaga, achambue. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Karanga nazo ni hivyo hivyo. Kutupa konzi moja ya mahindi si uharibifu wa fedha.

Mjane wa Sarepta alikuwa akiokota kuni mbili (1 Wafalme 17:12). Hakuhesabu unga na mafuta tu. Alihesabu na moto. Mkaa au gesi ni sehemu ya bei ya chakula, na wengi hawaiandiki. Robo kilo ya maharage makavu ikilowekwa usiku kucha, na maji yale yakamwagwa, huiva mapema zaidi. Inatosha milo mitatu ya mtu mmoja: leo jioni kwa ugali na mchicha, kesho asubuhi, na kesho mchana pamoja na ndizi kwa namna ya kiburu, sufuria moja tu. Kwa joto la Moshi, asiye na jokofu asiyaache zaidi ya hapo, na kila mara ayachemshe tena kabla ya kula. Limau likikamuliwa juu ya mchicha husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Hata kwa jirani asiye Mwadventista, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuweka birika kando wakati wa kula.

Soma Kutoka 16:22–24. Siku ya sita walikusanya maradufu, na cha kesho hakikuoza. Maharage yetu hayana muujiza huo! Yapikwe Ijumaa alasiri, yafunikwe vema, na Sabato yapashwe hadi yatokote.

Maswali ya kujadili

1. Isaya 55:2 inauliza juu ya fedha inayotolewa kwa kisicho chakula. Andika ulichonunua juma lililopita, pamoja na soda, andazi na mkaa. Ni kipi kilikushibisha kweli?

2. Kwa nini malaika alimlisha Eliya kabla ya kumpa ujumbe wowote? Hilo linabadilishaje namna tunavyowatembelea washiriki waliokata tamaa?

3. Katika darasa hili ni nani anayekula peke yake bila kupenda, na nani atachanga naye debe la mahindi mwezi huu?