Fahamu Kaunti Yako: Tubishe Mlango Upi?

Zahanati kisiwani Mfangano ikikosa dawa, mwananchi akimpelekea chifu malalamiko, amebisha mlango usiohusika. Chifu ni afisa wa Serikali ya Kitaifa, ilhali zahanati ziko chini ya Serikali ya Kaunti. Siku zinapita, na mgonjwa bado anasubiri.

Homa Bay ni kaunti nambari 43 kati ya 47 nchini. Ina maeneo bunge 8 na wadi 40. Mbita iko Suba Kaskazini, eneo lenye wadi 5: Kisiwa cha Mfangano, Kisiwa cha Rusinga, Kasgunga, Gembe na Lambwe. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, Mfangano hufikiwa kwa boti, na Lambwe imepakana na Mbuga ya Ruma. Kwa hivyo mahitaji ya wadi hizi hayafanani.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi hivi:

Serikali ya Kaunti: zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, shule za chekechea, barabara za kaunti, masoko, maji, kilimo na uvuvi, feri na magati.

Serikali ya Kitaifa: shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu za kitaifa, mbuga za kitaifa kama Ruma.

Kwa huduma za kaunti, anza kwa msimamizi wa wadi yako. Asipokusaidia, nenda kwa msimamizi wa kaunti ndogo. Kwa mambo ya Serikali ya Kitaifa, kama vile usalama, mwone naibu wa chifu, chifu au naibu kamishna wa kaunti.

Je, mwakilishi wadi? Yeye si mwanakandarasi. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha bajeti na kufuatilia utendakazi wa Gavana na mawaziri wake. Mwulize, "Je, gati letu limo kwenye bajeti?"

Swali hilo lina msimu wake. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge hilo lishirikishe umma. Mkutano wa maoni ukitangazwa, hudhuria, taja wadi yako na mradi mnaouhitaji, kisha hakikisha umeandikwa. Mwaka wa fedha ukianza Julai 1, bajeti huwa imeshapitishwa.