Kichujio cha mwani cha kujitengenezea nyumbani

Mtu akiona kioo cha tangi lake la samaki kimeota ukoga wa kijani, jambo la kwanza huulizia dawa. Dukani anapewa kichupa, anamimina, mwani unakufa, na wiki mbili baadaye umerudi. Utaachaje kurudi, na kilichoulisha bado kimo majini? Samaki wanakula na kunya, mabaki yanaoza na kutoa amonia, bakteria wanaigeuza amonia kuwa naitreti, na fosfeti iliyokuja na chakula inabaki humo humo. Kichujio cha sponji hakiitoi naitreti hiyo. Ndani ya sponji ndimo bakteria wanamoitengenezea.

Walter Adey, mwanasayansi wa Taasisi ya Smithsonian huko Washington, aliliendea tatizo kwa upande mwingine. Aliutengea mwani mahali pazuri zaidi pa kuota kuliko mle tangini, akawa anauvuna na kuutoa nje. Hataza ya mtambo wake ilitolewa Marekani mwaka 1982. Wake ulikuwa trei yenye mawimbi ya kutengenezwa. Unaoundwa majumbani siku hizi ni rahisi zaidi. Ni wavu wa plastiki unaoning'inia, maji yakiuteremkia pande zote mbili, na taa kali ikiumulika.

Kabla ya kwenda duka la vifaa vya ujenzi, pima chakula unachowapa samaki kwa siku. Wengi hupima lita za tangi, na hapo ndipo wanapopotea, maana tangi la lita 300 lenye samaki wanne lina uchafu mdogo kuliko la lita 100 lililosongamana. Kanuni inayotumiwa na wafugaji ni hii: chakula cha vipande vyembamba, kiasi cha kushika kwa vidole viwili mara kumi kwa siku, au mchemraba mmoja wa chakula kilichogandishwa, kinataka wavu wa sentimita za mraba 77 unaomulikwa pande zote mbili. Wavu wa upana wa sentimita 8 na urefu wa 10 unatosha hapo. Ukilisha mara mbili ya hivyo, ongeza upana hadi 16.

Upana ndio unaoamua pampu. Kila sentimita moja inahitaji takriban lita 50 kwa saa, kwa hiyo wavu wetu wa sentimita 8 unataka lita 400. Usiyaamini maandishi ya kwenye boksi, kwa sababu pampu hupungukiwa nguvu kadiri inavyopandisha maji juu. Iweke tangini, nyanyua bomba hadi kimo utakachokitumia, kinga chombo cha lita moja na utazame saa. Kikijaa kwa sekunde tisa hivi, pampu inafaa.

Wavu wenyewe uwe wa plastiki ngumu yenye matundu, ile inayouzwa kwa ajili ya kutarizi kwa uzi wa sufu. Wavu laini wa mbu wa madirishani haufai, unajikunja. Wavu lazima ukwaruzwe, na kazi hii usiifanyie haraka, kwani plastiki ikiwa nyororo mwani utashika siku chache kisha utateleza wote kwa mpigo. Ulaze wavu juu ya ubao, chukua msumeno wa kukatia chuma, ukwangue kwa meno yake huku na huku, pande zote mbili, hadi ukipitisha kitambaa cha pamba kinakwama. Mkono utachoka, endelea tu.

Halafu bomba. Kata kipande cha PVC cha nusu inchi au robo tatu, upande mmoja uzibe kwa kifuniko, wa pili upokee mpira wa pampu. Chini yake chana mwanya mnyoofu wa upana wa milimita 3, urefu wake uzidi upana wa wavu kidogo tu. Lainisha kingo kwa msasa. Kijipande kimoja cha plastiki kilichobaki kinatosha kuacha mstari mkavu wavuni. Ingiza ukingo wa juu wa wavu ndani ya mwanya na uufunge kwa vibana vya plastiki. Viungo vya bomba hili usivigundishe, kwa kuwa utalifungua kila unaposafisha. Penye gundi kwingineko, iache ikauke siku nzima kabla maji hayajapita.

Vyote hivi vikae ndani ya kontena la plastiki angavu juu ya tangi. Chini yake toboa matundu mawili ya bomba la inchi moja, maji yarudi tangini. Moja lingetosha kwa maji hayo, lakini nyuzi za mwani zikikatika huziba, na sakafu ndiyo itakayokupa habari. Taa ziwe nje ya kontena, moja kila upande, zimulike kupitia ukuta wa plastiki ili maji yasizifikie. LED nyekundu za nanomita 660 ni bora. Balbu ya mwanga wa joto, kelvini 2700 hadi 3000, nayo inafanya kazi. Funika nje kwa karatasi ya alumini mwanga usimwagikie tangini, uweke taima ya saa 18 kwa siku. Waya zote ziachwe zilegee chini ya usawa wa soketi, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Kabla ya kutia mkono majini, zima.

Mbegu ya mwani haihitajiki. Siku za mwanzo utaona ute wa kahawia. Usikate tamaa na usiusugue wote. Nyuzi za kijani hufuata, na huchukua wiki tatu au nne kujaa. Muda huo kichujio chako cha zamani kiendelee na kazi, na kukiondoa kabla kipimo hakijaonyesha naitreti inashuka ni kuwatia samaki hatarini.

Kuvuna ni kila baada ya siku 7 hadi 21. Ukichelewa, tabaka la chini linakosa mwanga, linakufa na kurudisha majini virutubisho vile vile ulivyokuwa unavitoa. Peleka wavu kwenye sinki, kwangua kwa kucha au kadi ya plastiki chini ya maji ya bomba, ubakize utando mwembamba wa kijani. Sabuni na jiki zisikaribie. Rangi isome: weusi maana yake virutubisho vingi kuliko mwanga, basi vuna mara kwa mara; njano inayovutika kama mpira maana yake mwanga umezidi, basi punguza saa.

Mavuno ya maji baridi ni mbolea nzuri ya mchicha. Wanaofuga Tropheus wa Ziwa Tanganyika, samaki ambao kwao hushinda wakikwangua mwani mawe kwa mawe, wanaweza kuwarudishia kiasi na kupunguza chakula cha dukani.

Mtambo huu hauondoi mabaki mazito ya sakafuni, wala haukupi ruhusa ya kuacha kubadilisha maji. Mwenye tangi la mimea asiufunge kabisa, maana utagombania chakula na mimea yake. Dawa za samaki zenye shaba zitaua mwani wote wavuni.

Umeme nao huwa unakatika. Pima maji yanayobaki kwenye bomba na kontena, kisha acha nafasi juu ya tangi ya kuyapokea pampu inapozima. Na pampu ikae juu kidogo ya sakafu ya tangi isivute mchanga. Wavu uliokauka saa kadhaa kwenye joto una mwani uliokufa. Ukwangue kabla ya kuwasha tena, usije ukauoshea tangini.