Kufundisha Ruwaza ya Vigae: Kutoka Ukuta wa Matofali hadi Maandishi ya Kompyuta

Somo la maumbo katika Hisabati ya shule ya msingi mara nyingi huishia pale mtoto anapoweza kutaja mraba, mstatili na pembetatu. Hatua inayofuata, yaani kuyapanga maumbo hayo yajaze eneo bila kuacha pengo wala kupandana, hupitwa upesi. Au mwalimu huchora ruwaza ubaoni na kuwaagiza wanafunzi wainakili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kunakili hakumwambii mwalimu kama mtoto ameelewa. Tunakusudia pia kuonyesha kwamba njia wanayoitumia wachoraji wa ramani za majengo kuiandikia kompyuta ruwaza ya vigae yaweza kufundishwa uwanjani kwa kamba na chaki, hata katika shule isiyo na kompyuta.

Jambo hili tulianza kulitafakari huko Mpitimbi, Songea, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tulilipa darasa la tano kazi ya kunakili mchoro wa sakafu, tukasahihisha, na msichana mmoja ambaye mistari yake ilipinda tukampa alama ya chini. Kesho yake tuliwatoa wanafunzi nje wautazame ukuta wa matofali ya kuchoma. Ni yeye aliyesema kwamba ukuta mzima waweza kuelezwa kwa maneno machache: ukizijua safu mbili za chini, zilizobaki ni kurudia. Baadhi ya wale tuliowapa alama za juu walikuwa bado wakihesabu matofali moja moja. Ilitubidi tukubali kwamba tulikuwa tumepima unadhifu wa mkono, huku tukidhani tunapima Hisabati.

Basi na tuanze na ukuta huo. Fundi mwashi hupanga tofali la safu ya juu, au kozi kama mafundi wanavyoiita, likalalia nusu ya tofali moja na nusu ya jingine. Viungo vya wima havifuatani kutoka kozi moja hadi nyingine, kwa sababu vikifuatana ukuta hupata njia ya kupasukia. Vigae vya sakafuni, ambavyo wengi huviita marumaru, huweza kupangwa vivyo hivyo kwa ajili ya pambo. Mwanachuo awaulize wanafunzi maswali mawili tu: ni kipande gani kinachorudiwa? Kinasogea kiasi gani, na kuelekea wapi, kabla ya kurudiwa? Asiharakishe kuwapa jibu. Watoto wengi watasema kipande ni tofali moja, na ubishi utakaozuka wakati wa kuamua kama tofali moja latosha ndio somo lenyewe.

Mchoraji wa ramani hukutana na maswali hayo hayo. Programu ya AutoCAD, iliyotolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982, hujaza eneo kwa mistari inayojirudia. Na mtu asiyeridhika na ruwaza zilizomo aweza kuandika yake katika faili la maandishi ya kawaida, ambalo jina lake huishia na.pat. Hapo hachori chochote, huandika namba. Tuchukue vigae vya sentimita 30 kwa 15 vilivyopangwa kama matofali ya ukutani:

*UKUTA, vigae vya kupishana nusu
0, 0,0, 0,15
90, 0,0, 0,30, 15,-15
90, 15,0, 0,30, -15,15

Mstari wa kwanza ni jina na maelezo. Kila mstari unaofuata unaeleza kundi moja la mistari sambamba. Namba ya kwanza ni pembe: 0 ni mlalo, 90 ni wima. Mbili zinazofuata ni mahali pa kuanzia. Mbili nyingine zaeleza mstari wa pili unakaa wapi ukilinganishwa na wa kwanza: umesogea mbele kiasi gani kwa kufuata mwelekeo wake, kisha uko mbali kiasi gani ubavuni. Namba za mwisho, zikiwapo, ni za kuchora na kuacha: namba chanya ni kuchora, namba hasi ni kuruka, na sifuri ni nukta. Kwa hiyo kundi la pili linachora viungo vya wima kila baada ya sentimita 30, likichora 15 na kuruka 15. Kundi la tatu linaanzia katikati ya kigae, na linaruka kwanza ndipo lichore.

Maelezo haya yakiandikwa ubaoni yatawachosha watoto, nasi hatushauri yaandikwe. Yapelekwe uwanjani. Zana zinazohitajika ni kamba yenye fundo kila baada ya sentimita 15, na chaki au mkaa. Mwanafunzi mmoja awe mashine: ashike chaki, afuate kamba, na afanye lile tu aliloambiwa. Wenzake wamwamuru: anzia hapa, elekea kule, chora fundo moja, nyanyua chaki fundo moja. Namba hasi, ambayo kwa watoto wengi ni fumbo, hapa ni chaki iliyonyanyuliwa tu. Mashine isiruhusiwe kusaidia kwa akili yake. Tumeona kwamba hilo ndilo gumu kuliko yote, kwani mtoto mwerevu hutamani kuwarekebishia wenzake amri mbovu kabla haijaonekana kuwa mbovu.

Amri mbovu iachwe ionekane. Kosa moja hutokea karibu kila mara, nasi wenyewe tulilifanya mbele ya darasa: katika kundi la tatu tuliandika 15,-15 badala ya -15,15. Matokeo yake, kozi ya kwanza ilipata viungo kila baada ya sentimita 15, ikawa miraba midogo, na kozi ya pili haikupata kiungo hata kimoja. Wanafunzi walicheka, kisha wakatafuta kosa lilipo kwa kuirudisha mashine nyuma hatua kwa hatua. Dakika zile kumi za kutafuta zilifundisha zaidi ya sehemu iliyotangulia, na mwanachuo azitengee nafasi katika andalio la somo.

Baada ya mstatili, watoto watauliza juu ya maumbo mengine. Mwalimu awape kanuni ya pembe: pembe zinazokutana kwenye nukta moja lazima zijumlike nyuzi 360. Pembetatu sita zenye pande sawa zinatosha (60 mara 6), miraba minne inatosha (90 mara 4), na pembesita tatu zinatosha (120 mara 3), kama sega la nyuki linavyoonyesha. Pembetano sawa ina nyuzi 108. Tatu zinafika 324, na nyuzi 36 zinabaki wazi. Wakate vipande vya karatasi, waone pengo hilo kwa macho.

Sega hilo laweza kuandikwa kwa makundi matatu, ya pembe 0, 60 na 120, kila moja likichora urefu wa upande mmoja na kuruka pande mbili. Upande ukiwa sentimita 10, kila mstari husogea 15 mbele na takriban 8.66 ubavuni. Anayeandika 8.7 kwa kupenda wepesi hataona tofauti katika safu chache za mwanzo, lakini kufikia safu ya 100 amekosea kwa sentimita 4, na mistari haikutani tena. Huu ni mfano mzuri wa kueleza kwa nini makadirio yana mipaka. Wa darasa la saba wataufurahia.

Katika tathmini, usikusanye michoro. Kila jozi iandike amri zake kwenye karatasi, karatasi ipewe jozi nyingine ambayo haijauona mchoro, nayo ichore. Tulipofanya hivyo, amri za yule msichana zilichorwa na wengine bila swali hata moja.

Zoezi kwa mwanachuo: vigae ni vile vile vya 30 kwa 15, lakini kila kozi inasogea theluthi ya kigae badala ya nusu. Je, utahitaji makundi mangapi ya mistari ya wima, na kila kundi lichore na kuruka kiasi gani?