Nyumba ya Magurudumu Ivujapo

Katika nchi ya Marekani wako watu wengi ambao, wakitaka kusafiri, huichukua nyumba pamoja nao. Nyumba hiyo ni tela ya safari. Ni chumba kirefu kilichowekwa juu ya magurudumu, chenye vitanda, meza, jiko na tangi la maji. Hufungwa nyuma ya motokaa na kukokotwa mpaka mahali pa kupiga kambi, mwituni au kando ya ziwa. Watu wa Afrika ya Mashariki nao walipata kuziona tela hizo. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, mwundaji wa tela za Airstream, aliongoza msafara wa tela 41 kutoka Cape Town. Wakapita katika nchi ya Kenya na Ethiopia, wakafika Cairo mwaka 1960. Tela zile ziling'aa kama fedha, maana zilivikwa mabati ya alumini.

Nyumba ya namna hii ina adui mkubwa, naye ni maji ya mvua. Nyumba iliyojengwa juu ya msingi hukaa kimya, lakini tela hutikiswa njia nzima. Kila gurudumu liingiapo shimoni, viungo vyote hucheza kidogo, na skrubu hulegea. Tena juu ya paa lake pana matundu yaliyokatwa kwa makusudi, moja la kupitisha hewa, moja la bomba la maji machafu, na pengine moja la taa. Kila tundu ni mlango, na maji hayabishi hodi.

Mafundi wa pwani wajua jambo hili tangu zamani. Mbao za dau hazishikani kabisa hata zikichongwa vizuri namna gani, kwa hiyo fundi hutia kalafati, yaani pamba yenye mafuta, katikati ya ubao na ubao. Tela nayo ina kalafati yake. Chini ya kila ukingo wa bati hulazwa utepe laini unaonata kama ulimbo, na juu ya vichwa vya skrubu hupakwa dawa nzito ya mpira. Lakini jua huikausha, na baridi huipasua. Mwenye tela asiyepanda ngazi kuitazama kalafati yake walau mara moja kila mwaka atakuja kuitazama kwa majuto.

Sasa fikiri jinsi ukuta wa tela ulivyo. Tela nyingi zina kiunzi cha mbao nyembamba. Nje pana bati, ndani pana ubao mwembamba uliobandikwa karatasi yenye maua, na katikati hujazwa kitu chepesi cha kuzuia baridi. Maji yaingiapo humo hayaoni jua wala upepo, hukaa tu. Mbao ambayo maji yake hayazidi sehemu 20 katika 100 ya uzito wake ikiwa kavu, kuvu za kuozesha haziwezi kuishambulia. Ikilowa sana na kukaa hivyo, huimea. Ndiyo sababu ukuta waweza kupendeza kwa nje na huku umekufa ndani, mfano wa nguzo iliyoliwa na mchwa.

Tumfikirie mtu mmoja mwenye tela kama hiyo. Asubuhi moja aliona doa la rangi ya chai katika dari, juu ya kitanda cha mtoto wake. Akapanda paani na sufuria ya dawa, akapaka mahali palipo juu ya doa hasa. Mvua ikanyesha, doa likakua. Akapaka tena, dawa juu ya dawa, hata paa likawa kama goti la mtoto mtundu. Doa likazidi kukua, na mtoto akaanza kukohoa usiku kwa harufu ya ukungu.

Kosa lake lilikuwa moja, alidhani kwamba tone huanguka chini ya tundu. Nawe waweza kulijaribu jambo hili leo. Chukua fimbo iliyonyoka, uishike kwa kuiinamisha, kisha mimina maji kidogo kidogo karibu na ncha ya juu. Utaona maji yakizunguka na kushika upande wa chini wa fimbo, yakitambaa mpaka ncha ya pili, na huko ndiko yaangukako. Boriti za dari hufanya vivyo hivyo. Maji huingia mbele ya tela, hufuata boriti hatua mbili au tatu, yakakuta kichwa cha msumari, yakadondoka hapo.

Basi yule mtu akamwendea fundi mzee. Fundi hakuchukua ngazi wala nyundo, ila alimwuliza maswali.

"Je, mahali hapo hulowa hata siku zisizo na mvua?"

Maana kama hulowa wakati wa jua, kosa si la paa, ni la mabomba ya ndani. Tela ina pampu ndogo ya kusukuma maji, nayo hunyamaza bomba zote zikiisha kufungwa. Ikinguruma yenyewe usiku, pasipo mtu kufungua maji, huenda yapo mahali yanapotoka. Katika nchi za baridi jambo hili hutokea sana, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100, na bomba lililojaa hupasuka. Kwa hiyo wenye busara huyamwaga maji yote kabla ya majira ya baridi.

"La," akajibu, "hulowa wakati wa mvua tu."

"Je, madirisha na kuta zote hutoka jasho asubuhi?"

Hili nalo ni swali jema. Watu wanne wakilala katika chumba kidogo kilichofungwa, pumzi zao zina mvuke; na jiko la gesi, hata likiwaka bila sufuria, hutoa mvuke, maana gesi yenyewe iunguapo hufanya maji. Mvuke huo ukigusa bati lenye baridi hugeuka matone, kama utokavyo umande juu ya kopo la maji baridi siku ya joto. Watu wengi wamefumua paa zima kwa ajili ya matone ya pumzi zao wenyewe! Dawa yake ni kufungua dirisha kidogo.

"La, ni doa moja tu."

"Basi, huvuja mvua inyeshapo wima, au ile ya upepo?"

Yule mtu akafikiri, akasema, "Huzidi nikiwa safarini katika mvua." Ndipo fundi akatazama upande wa mbele wa tela, ule upigwao na mvua motokaa ikienda mbio.

Walakini kushuku si kujua. Fundi akafunga madirisha na matundu yote, akaweka feni yenye nguvu katika tundu moja la paani, ikawa inasukuma hewa kuingia ndani. Kisha akapaka maji ya sabuni juu ya viungo vyote vya nje. Wewe uliyewahi kumtazama fundi wa baisikeli akiuzamisha mpira katika beseni wajua alichokuwa akitafuta. Juu ya paa, pale palipopakwa dawa mara nyingi, hapakuwa na povu hata moja. Lakini katika pembe ya mbele, mahali paa linapokutana na ukuta, povu zilichemka kama uji.

Wako wanaotumia mpira wa maji badala ya sabuni, nayo ni njia njema, ila ina sharti zake. Kwanza umeme wote ukatwe. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji nje, polepole kama mvua, maana maji ya nguvu hupenya hata pasipo na kosa. Aanzie chini, akae kila mahali dakika kadhaa, ndipo apande. Akianzia juu, maji yatateremka juu ya viungo vyote pamoja, naye hatajua ni kipi kilichofungua mlango.

Wakaling'oa lile bati la ukingo. Skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu. Nyingine zilitoka kwa vidole tu, bila bisibisi. Fundi akausukuma ubao wa pembe kwa kidole gumba, nao ukabonyea kama mkate uliolowa. Yule mtu akanyamaza kitambo, akihesabu fedha moyoni mwake. Kisha akasema, "Je, tukilirudisha bati na kubandika karatasi mpya ndani, si nitaweza kuiuza? Hapana atakayejua."

Fundi akajibu, "Atajua mtoto wa huyo mnunuzi, maana atalala kitanda hicho hicho."

Wakaendelea na kazi. Wakaukata ubao uliooza mpaka wakafika penye mbao ngumu, wala hawakuacha hata kipande kwa kuona huruma. Wakaacha pembe wazi siku kadhaa, chini ya turubai, hewa ipite. Maana kufunga maji ndani ni kufuga ugonjwa. Kisha wakatia ubao mpya. Kazi iliyowachosha kupita zote ilikuwa kukwangua dawa ya kale. Mwenye tela alikuwa ametumia silikoni, na silikoni ina tabia mbaya, kwamba dawa mpya haishiki juu yake, hata silikoni nyingine haishiki. Ilibidi iondolewe yote, kila uzi, kwa kisu cha plastiki kisichokwaruza bati. Ndipo wakalaza utepe mpya wa ulimbo, wakarudisha bati kwa skrubu zisizoshika kutu, wakaikaza kila moja kidogo kidogo hata utepe ukatokeza pembeni, wakaukata uliozidi.

Yule mtu, kwa kuwa sasa alikuwa na bidii, akataka kuziba na vile vitundu vidogo vilivyo chini ya madirisha. Fundi akamshika mkono. Vitundu vile vimewekwa na mwundaji ili maji yaliyoingia katika mfereji wa dirisha yatoke nje. Ukiviziba, mfereji hujaa, na maji humwagika ndani. Si kila tundu ni adui.

Mwisho alitaka kulipaka doa la dari rangi nyeupe. Fundi akamkataza, akampa kalamu ya risasi, akamwambia achore mstari kuuzunguka ukingo wa doa na kuandika tarehe kando yake. Mtoto akahamishiwa kitanda cha upande wa pili kwa muda. Mvua ya kwanza ikaja, nao wakatazama dari kwa tochi. Ikaja ya pili, yenye upepo. Baada ya ya tatu, waliyoipata barabarani tangu asubuhi hata jioni, doa lilikuwa bado ndani ya mstari, nalo lilikuwa kavu. Siku ya pili yake baba akafungua kopo la rangi.